MAISHA YA SHEIKH IZZUDDIN BIN ABDISSALAAM, KADHI ALIYEWAHUKUMU WENYE NGUVU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mfalme wa haki, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: hii ni khabari ya maisha ya Sheikh Abu Muhammad Abdulaziz bin Abdissalaam as-Sulami, ajulikanaye kwa jina la Izzuddin, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambaye watu walimpa lakabu ya Sultani wa Wanavyuoni. Jina lake hutajwa sana katika darsa za fiqhi, lakini si wengi wanaojua mashaka yaliyompata kwa ajili ya haki za watu. Na katika mashaka hayo mna jibu la maswali mawili ambayo kila mji huyauliza. Kadhi huwahukumu raia. Je, mwenye upanga ni nani amhukumuye? Na kadhi mwenyewe akikosa, ni nani amrudiye? Watu husema mwenye nguvu mpishe. Sheikh huyu hakumpisha.

MJI WAKE NA ZAMA ZAKE

Sheikh Izzuddin alizaliwa Damascus, katika nchi ya Sham, mwaka wa 577 Hijriya, na wengine wamesema 578. Nao ni mwaka 1181 au 1182 wa Miladi. Zama zile Sham na Misri zilikuwa mkononi mwa Sultani Salahuddin al-Ayyubi, na Izzuddin alikuwa mtoto mdogo Salahuddin alipoitwaa tena Baitul Maqdis kwa Mafaranja, yaani Wazungu wa vita vya msalaba, mwaka wa 583 (1187). Alipokufa Salahuddin mwaka wa 589 (1193) nchi iligawanyika baina ya jamaa zake, ikawa kila mmoja ana mji wake na jeshi lake, na mara nyingi wakipigana wao kwa wao.

Katika mji wa Damascus mlikuwa na mabaraza mawili ya hukumu. La kwanza ni la kadhi, ahukumuye baina ya watu kwa sharia, katika nikaha na talaka, na mirathi, na biashara, na wakfu, na mali ya mayatima. La pili ni lile liitwalo kwa Kiarabu al-Madhaalim, nalo ni baraza la kusikiliza mashtaka ya waliodhulumiwa na wakubwa. Kadhi Abul Hasan al-Mawardi, naye ni Shafii, aliyekufa Baghdad mwaka wa 450 (1058), aliandika kanuni za baraza hili katika kitabu chake al-Ahkam as-Sultaniyya. Amesema kuwa halikamiliki ila kwa kuhudhuria watu wa namna tano: walinzi wa kumzuia mwenye nguvu, na makadhi, na mafakihi, na makarani, na mashahidi. Na katika kazi zake ni kuzitazama dhuluma za maliwali hata kama hapana aliyekuja kushtaki, na kuangalia wanaokusanya kodi wasitwae zaidi ya haki, na kutekeleza hukumu za makadhi zilizoshindikana kwa unyonge wa kadhi mbele ya mshtakiwa.

Sultani Nuruddin Mahmud, aliyetawala kabla ya Salahuddin na kufa mwaka wa 569 (1174), alijenga Damascus nyumba makhsusi ya baraza hilo, ikaitwa Nyumba ya Uadilifu. Sababu yake ni kuwa maamiri wake walikuwa wakitwaa mashamba ya majirani zao, na kadhi aliweza kuwahukumu wote isipokuwa jemadari mkubwa, Asaduddin Shirkuh. Shirkuh alipoona nyumba ile inajengwa alifahamu kuwa imejengwa kwa ajili yake. Akawaamuru mawakili wake wapatane na kila mwenye dai kabla hajakwenda kushtaki, na akawatisha kwa kifo wasipofanya. Basi nyumba ile ilirudisha mali za watu hata kabla ya shauri la kwanza kusikilizwa.

Ila baraza hilo lilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Mkaaji wa kiti chake ni mtawala mwenyewe. Akiwa mwadilifu kama Nuruddin, mnyonge hupata haki yake. Na akiwa yeye ndiye mdhulumu, mlango umefungwa, wala hapana mwingine wa kubisha. Sheikh Izzuddin aliishi umri wake wote mbele ya mlango huo.

KUSOMA KWAKE

Wazee wake walikuwa maskini sana, naye hakuanza kusoma ila baada ya kuwa mtu mzima. Alikuwa akilala katika pembe ya Msikiti Mkuu wa Bani Umayya. Tajuddin as-Subki, mwandishi wa tabaka za Mashafii, amesimulia kuwa usiku mmoja wa baridi kali Izzuddin alipatwa na janaba akiwa usingizini, akaondoka akaoga katika birika lenye maji ya baridi. Ikamtokea hivyo tena na tena usiku ule ule, naye kila mara anaoga, hata akazimia kwa ubaridi. Ndipo aliposikia mwito ukimkhiyarisha baina ya ilimu na amali, akachagua ilimu kwa kuwa ndiyo imfikishayo mtu kwenye amali. Kulipokucha alikichukua kitabu cha at-Tanbih, akakihifadhi kwa muda mchache.

Fiqhi aliisoma kwa Sheikh Fakhruddin Ibn Asakir, na usuli kwa Sheikh Saifuddin al-Amidi, na miongoni mwa masheikh zake ni Kadhi Jamaluddin al-Harastani, aliyekuwa mashuhuri Damascus kwa uadilifu wa hukumu zake. Hata akawa yeye ndiye mwenye kuendewa kwa fatwa katika mji, akasomesha katika zawiya ya Ghazali ndani ya msikiti ule ule aliokuwa akilala kwa kukosa nyumba.

Hakujilimbikia mali. Mwaka mmoja bei za mashamba zilishuka Damascus, mkewe akampa vyombo vyake vya dhahabu amnunulie shamba. Sheikh akaviuza, akawaona watu wamo katika dhiki, akaitoa sadaka thamani yote. Mkewe alipomwuliza, akamwambia kuwa amekwisha mnunulia shamba, nalo liko Peponi. Bibi yule akamwombea jaza ya kheri.

KUHUKUMIWA BILA YA KUSIKILIZWA

Mtawala wa Damascus alikuwa al-Malik al-Ashraf Musa, mtoto wa ndugu yake Salahuddin. Baadhi ya watu wa madhehebu nyingine walimfitini Sheikh kwake katika mas-ala ya maneno ya Mwenyezi Mungu, wakisema itikadi yake ni mbaya. Sultani akaghadhibika. Sheikh akamwandikia kuomba jambo moja tu: lifanywe baraza la wanavyuoni wa Kishafii, na Kihanafi, na Kimaliki, na Kihanbali, isemwe hoja na isikilizwe hoja. Sultani alikataa. Badala ya baraza alitoa hukumu tatu: Sheikh asitoe fatwa, asikutane na mtu, na asitoke nyumbani kwake.

Msomaji azitazame hukumu hizi. Hapana shahidi aliyekuja, wala mshtakiwa hakusimama mbele ya mshtaki wake. Kadhi haruhusiwi kumhukumu mtu katika dai la dirham moja kwa neno la upande mmoja. Na hapa mwanachuoni wa mji amefungiwa nyumbani na kuzuiliwa ulimi wake kwa maneno ya nyuma ya pazia. Sheikh alimjibu mjumbe kuwa kukaa nyumbani kwa ibada ni neema kwake, wala hakuomba msamaha kwa kosa lisilothibitishwa.

Aliyemtoa hakuwa Mshafii mwenzake, bali ni Sheikh Jamaluddin al-Hasiri, mkubwa wa Mahanafi wa mji ule. Alipanda punda wake akamwendea Sultani ngomeni, akambainishia kuwa aliyoyaandika Ibn Abdissalaam ni itikadi ya Waislamu. Sultani akajuta, akaondoa makatazo yote. Na alipokuwa mgonjwa wa maradhi aliyofia, mwaka wa 635 (1237), alimwita Sheikh, akamtaka radhi na nasaha. Sheikh akamsamehe, akamnasihi aondoe ulevi na uasherati katika mji na kodi za dhuluma walizotozwa Waislamu.

SILAHA ZA DAMASCUS

Baada ya hapo Damascus ikatwaliwa na as-Salih Ismail, ndugu yake al-Ashraf. Huyu alimpa Sheikh khutba ya Msikiti wa Bani Umayya mwaka wa 637 (1239). Hata mwaka wa 638 (1240), as-Salih Ismail alipomwogopa mtoto wa ndugu yake, as-Salih Najmuddin Ayyub, Sultani wa Misri, alifanya mapatano na Mafaranja wamsaidie, akawapa ngome za Safad na Shaqif, na akawaruhusu kuingia Damascus kununua silaha.

Wauza silaha wakaingiwa na shaka, wakamwendea Sheikh kumwuliza. Akawafutu kuwa ni haramu kuwauzia, kwa kuwa wajua wazi kuwa wataelekezewa Waislamu wenzao. Na siku ya Ijumaa akapanda mimbari, akaliacha jina la Sultani katika dua ya khutba, akaomba badala yake dua ya kutukuzwa wenye kumtii Mwenyezi Mungu na kuamrishwa mema. Watu wote wakaitikia amin.

Sultani hakuwapo mjini siku ile. Khabari ilipomfikia aliamuru Sheikh auzuliwe khutba na afungwe, pamoja na Sheikh Abu Amr Ibn al-Hajib wa Kimaliki aliyemuunga mkono. Baadaye walifunguliwa, na Sheikh akaihama Damascus kwa njia ya Baitul Maqdis. Huko akashikwa tena. Sultani akamtumia mjumbe mwenye maneno laini, kuwa atarudishiwa vyeo vyake vyote na zaidi, wala hatakiwi jambo ila amnyenyekee Sultani na kumbusu mkono. Sheikh akajibu kuwa haridhii Sultani aubusu mkono wake yeye, seuze yeye kuubusu mkono wa Sultani. Na kuwa wao wako katika bonde jingine na yeye yuko katika bonde jingine. Akafungwa katika hema iliyo karibu na hema ya Sultani. Hata jeshi la Misri likashinda, akaokoka, akaingia Misri mwaka wa 639 (1241).

KUWA KADHI MISRI

As-Salih Ayyub alimpokea kwa heshima kubwa, akampa khutba ya Msikiti wa Amr bin al-Aas na ukadhi mkuu wa Misri ya zamani pamoja na nchi za juu za mto Nile. Sheikh Abdul-Adhim al-Mundhiri, aliyekuwa mwenye fatwa wa mji, akaacha kutoa fatwa tangu siku ile, kwa kuona kuwa mji aliomo Ibn Abdissalaam haumhitaji mwingine.

Huenda mtu akadhani kuwa aliyekimbia dhuluma ya mtawala mmoja na kupewa cheo na mwingine atamstahi huyo aliyempa cheo. Haikuwa hivyo. Siku ya Idi, Sultani amekaa katika fahari yake na maamiri wanaibusu ardhi mbele yake, Sheikh alimwita kwa jina lake, Ayyub, pasi na lakabu, akamwuliza atamjibu nini Mola wake juu ya duka fulani liuzalo ulevi katika mji alio yeye mtawala wake. Sultani akasema lilikuwako tangu zama za babake. Sheikh akambainishia kuwa hiyo ndiyo hoja ya wale wasemao kuwa wamewakuta baba zao katika mila yao. Sultani akaandika amri likafungwa. Mwanafunzi wake akamwuliza kama hakuogopa. Akasema aliukumbuka utukufu wa Mwenyezi Mungu, Sultani akawa mbele ya macho yake kama paka.

KUUZWA KWA MAAMIRI

Jambo lililomtangaza zaidi ni shauri la maamiri. Jeshi la as-Salih Ayyub lilikuwa la Mamaluki, nao ni Waturuki walionunuliwa wangali vijana kwa mali ya Bait-ul-mali, wakafunzwa vita, wakapanda vyeo hata mmoja wao akawa naibu wa Sultani. Watu hawa walikuwa wakinunua na kuuza, wakioa na kuamuru. Sheikh alipoyatazama mambo yao kwa kazi yake ya ukadhi, hakuona ushahidi kuwa wameachwa huru. Na kanuni ya sharia ni kuwa lililothibiti hubaki kama lilivyo mpaka uje ushahidi wa kuliondoa. Basi wao wangali mali ya Bait-ul-mali, yaani mali ya Waislamu wote, na mtumwa hasihi kuuza wala kuoa bila ya idhini ya bwana wake. Akaacha kuzithibitisha nikaha zao na biashara zao.

Kazi zao zikasimama, naibu wa Sultani akiwa miongoni mwao. Wakamtuma mtu amwulize atakalo. Akasema atakalo ni kufanywa baraza, wanadiwe sokoni, wauzwe, thamani yao itiwe Bait-ul-mali, kisha waachwe huru kwa njia ya sharia. Wakampelekea Sultani mashtaka, naye akatamka neno la ukali kuwa jambo hili halimhusu kadhi.

Sheikh hakubishana. Alipakia vyombo vyake juu ya punda mmoja, na watu wa nyumba yake juu ya punda wengine, akatoka Kairo kurejea Sham. Hakufika mbali ila watu walikwisha mfuata: wanavyuoni, na watu wema, na wafanya biashara, na wanawake na watoto. Sultani akaambiwa kuwa akienda huyu, ufalme umekwenda. Akapanda farasi mwenyewe, akamfuata njiani, akamridhisha, akakubali maamiri wauzwe. Ndipo Sheikh aliporudi.

Naibu wa Sultani alijaribu kumwendea kwa upole asifanikiwe, kisha akapanda na watu wake hata mlangoni pa Sheikh, upanga u wazi mkononi. Mwanawe Abdul-Latif alifungua mlango, akarudi kwa babake na khofu. Sheikh akamwambia mwanawe kuwa babake ni mdogo mno wa kupata daraja ya kuuawa katika njia ya Mwenyezi Mungu, akatoka. Subki amesimulia kuwa naibu alipomwona, mkono wake ulikauka na upanga ukaanguka. Akalia, akamwomba dua. Akauliza itatumiwaje thamani yao na nani ataipokea. Akajibiwa kuwa itatumiwa katika maslaha ya Waislamu, na mpokeaji ni kadhi. Basi wakanadiwa mmoja mmoja, kwa thamani ya juu, na fedha ikatumiwa katika mambo ya kheri.

Utumwa wa zama zile umepita, lakini maana ya hukumu ile haikupita. Maamiri wale walitaka wawe na amri juu ya kila mtu, pasiwe na swali juu yao. Kadhi akawauliza swali lile lile ambalo angemwuliza mchukuzi wa maji: iko wapi hati yako, na ni nani shahidi wako? Wala hakuwa na askari. Nguvu aliyokuwa nayo ni kuwa tayari kukiacha kiti, na raia waliojua kuwa kikibaki kitupu hawana mahali pa kushtaki.

NYUMBA YA NGOMA JUU YA MSIKITI

Fakhruddin, msimamizi wa nyumba ya Sultani na mtu mwenye amri kubwa katika dola, alijenga juu ya sakafu ya msikiti mmoja nyumba ya kupigia ngoma za jeshi. Sheikh alipothibitishiwa hayo alihukumu ibomolewe, akenda mwenyewe pamoja na wanawe, wakaibomoa. Akahukumu pia kuwa ushahidi wa Fakhruddin umeanguka, haukubaliwi tena. Kisha akajiuzulu ukadhi siku ile ile, asije akauzuliwa, au akaombwa aitengue hukumu aliyoitoa.

Fakhruddin akadhani hukumu ya kadhi aliyekwisha ondoka haina taathira. Ikawa Sultani amemtuma mjumbe Baghdad kwa Khalifa na ujumbe wa mdomo. Mjumbe alipoufikisha, Khalifa akamwuliza kama aliusikia kwa Sultani mwenyewe. Akasema aliupokea kwa Fakhruddin kutoka kwa Sultani. Khalifa akaukataa ujumbe, kwa kuwa Ibn Abdissalaam ameuangusha ushahidi wa mtu yule, na riwaya yake haikubaliwi. Mjumbe akarudi safari yote ile hata Misri, akausikia kwa kinywa cha Sultani, ndipo akarejea Baghdad kuufikisha.

KUJIRUDI KWAKE MWENYEWE

Ama lile swali la pili, ni nani amrudiye kadhi akikosa, Sheikh alilijibu kwa nafsi yake. Siku moja huko Misri alimfutu mtu katika mas-ala, kisha ikambainikia kuwa amekosa. Mtu yule amekwenda zake wala hajulikani alipo. Sheikh hakunyamaza kulinda jina lake. Alinadi katika Misri na Kairo kuwa aliyepewa na Ibn Abdissalaam fatwa ya jambo kadha asiifuate, kwani ni makosa. Mwenye kudai kuwa wakubwa wako chini ya sharia alijiweka mwenyewe chini yake, mbele ya watu wa soko.

Baada ya kujiuzulu alisomesha katika Madrasa ya Salihiyya, naye akaandika vitabu vingi. Mashuhuri katika hivyo ni Qawaid al-Ahkam, alichobainisha ndani yake kuwa sharia yote imejengwa juu ya kuleta maslaha ya waja na kuondoa mafisadi, na kuwa mwenye mamlaka juu ya watu hana rukhsa ya kufanya ila lililo na maslaha yao. Miongoni mwa wanafunzi wake ni Imamu Ibn Daqiq al-Id, naye ndiye aliyemwita Sultani wa Wanavyuoni.

MALI YA RAIA NA VITA VYA MATATARI

Mwaka wa 656 (1258) Matatari waliiangusha Baghdad, wakamwua Khalifa, kisha wakaja Sham. Huko Misri amiri Saifuddin Qutuz aliutwaa usultani mwaka wa 657 (1259), na likafanywa baraza la maamiri, na makadhi na wanavyuoni, kuuliza kama yafaa kutwaa mali za raia kwa ajili ya vita. Khofu ilikuwa kubwa, na katika saa kama hiyo ni wepesi kumwambia mtawala atwae atakacho.

Sheikh alikuwa amekwisha kuwa mzee wa miaka 80. Alifutu kuwa adui akiiingia nchi ni wajibu kupigana naye, na yafaa kutwaa kwa raia cha kuwasaidia wapiganaji, ila kwa masharti mawili: kwanza Bait-ul-mali iwe tupu, na pili maamiri na askari wauze vyombo vyao vya dhahabu na mapambo yao ya thamani, abaki kila mmoja na farasi wake na silaha yake, wawe sawa na watu wa chini. Ama kutwaa mali ya raia na hali mali za wakubwa zimo majumbani mwao, haifai. Na neno lake ndilo lililotegemewa katika baraza lile. Siku ya 25 Ramadhani mwaka wa 658, nayo ni tarehe 3 Septemba 1260, Waislamu waliwashinda Matatari pale Ain Jalut.

KUFA KWAKE NA YALIYOFUATA

Qutuz aliuawa njiani akirudi, akatawala Baybars. Watu walipokwenda kumbai, Sheikh hakunyosha mkono wake, kwa sababu amjuavyo yeye Baybars ni mtumwa wa amiri mmoja aitwaye al-Bunduqdar. Wakaletwa mashahidi wakathibitisha kuwa alikwisha toka katika milki yake na akaachwa huru, ndipo alipombai. Shauri la maamiri lilimfuata hata mfalme mwenyewe.

Alipokuwa katika maradhi ya mwisho, Baybars alimpelekea neno amtaje amtakaye katika wanawe arithi kazi zake. Sheikh akajibu kuwa katika wanawe hapana afaaye, na kuwa madrasa yastahiki kupewa Kadhi Tajuddin Ibn Bint al-Aazz. Akafa katika mwezi wa Jumada-l-Ula mwaka wa 660 (1262), akazikwa Qarafa. Jeneza lilipopita chini ya ngome na Baybars akauona wingi wa watu, alimwambia mmoja wa watu wake kuwa sasa ndipo ufalme wake ulipothibiti, kwani mzee huyu lau angewaamrisha watu wamtoke, wangemtoka.

Mwaka wa 663 (1265) Baybars aliweka Kairo makadhi wakuu wanne, kila madhehebu na kadhi wake, badala ya kadhi mkuu mmoja wa Kishafii, kwa kuwa watu walimlalamikia huyo huyo Kadhi Tajuddin kwa kukataa kupitisha hukumu zisizowafikiana na madhehebu yake. Mpangilio huo una pande mbili. Mwenye haja aliyefungiwa mlango mmoja alipata mwingine, na hiyo ni rehema; na mtawala naye alipata kuchagua baina ya makadhi wanne, na hiyo ni khatari. Vyeo vikizidi havileti uadilifu, ikiwa mwenye kukaa humo hawezi kusema hapana.

KHATIMA

Madhehebu aliyoyatumikia Sheikh huyu ndiyo yaliyoenea katika mwambao wa Afrika ya Mashariki. Ibn Battuta alipopita mwaka wa 1331, wala haijapata miaka 70 tangu kufa kwake, aliwakuta watu wa Mombasa ni Mashafii, na huko Mogadishu alimkuta kadhi akihukumu mambo ya sharia, na mambo mengine yakikatwa na watu wa shauri, mawaziri na maamiri. Basi khabari za Damascus na Kairo si za ugenini kwa watu wa mwambao.

Aliye na cheo cha kuhukumu na ajifunze kwake mambo matatu: asimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, amwulize mkubwa hati yake kama amwulizavyo mdogo, na akikosa, atangaze kosa lake kwa sauti ile ile aliyotolea hukumu. Na asiye na cheo naye ajifunze kwa watu wa Kairo, waliomfuata kadhi barabarani. Lau wangekaa majumbani, Sheikh angefika Sham salama, na maamiri wangebaki bila ya mwenye kuwauliza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Izzuddin, na awajaalie waja wake makadhi wasioogopa na watawala wanaosikia. Amin.